LIPIA SIKU, USILIPIE NDEGE

Katika nchi yetu ya Uganda zimekwisha kuandikwa zaidi ya aina 1,000 za ndege. Idadi hiyo ni kubwa mno kwa nchi yenye eneo dogo kama yetu, na kwa ajili yake watu wa mataifa ya mbali huacha makwao, hulipa nauli kubwa za eropleni, na huja kusimama matopeni alfajiri wakiwa na darubini shingoni. Wako wanaopanda gari Kampala, wakavuka Nile pale Jinja, wakapita Iganga na Tirinyi, na kuingia Mbale jua likiwa linatua. Kutoka Malukhu huuona mbele yao ukuta wa miamba ya Wanale, na nyuma yake, mawingu yakikubali, mabega ya Mlima Elgon. Asubuhi yake baadhi yao hupanda mlimani kumtafuta kwale wa Jackson. Wengine hushika barabara ya kaskazini kuelekea Kumi, wakimtafuta ndege mmoja mdogo ambaye hapatikani katika nchi nyingine yoyote duniani.

Aghalabu wageni hao huajiri mwenyeji wa kuwaongoza. Hapo ndipo linapozaliwa jambo ambalo makala haya yanataka kulichunguza, maana linamhusu askari wa jeshi na askari wa polisi kuliko linavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza. Yuko mtu anayelipa ili aonyeshwe, na yuko mtu anayelipwa ili aonyeshe. Yule wa kwanza hajui. Yule wa pili anajua. Je, ni nini kinachomhakikishia mlipaji kwamba alichoonyeshwa ndicho alichokitafuta?

MNANA WA BISINA

Ndege huyo mdogo ni mnana wa Fox, ambaye wataalamu humwita Ploceus spekeoides. Aliandikwa rasmi katika vitabu vya elimu ya ndege mwaka 1947. Makao yake ni mabwawa ya mashariki ya nchi yetu, hasa kandokando ya Ziwa Bisina, ambalo wakoloni waliliita Salisbury, na Ziwa Opeta lililo jirani yake. Maziwa hayo mawili yaliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar unaolinda mabwawa yenye thamani kwa ulimwengu mzima. Mwenyeji wa Teso ambaye baba yake alivua samaki humo anaweza kabisa kuwa na elimu juu ya ndege huyo ambayo profesa wa Ulaya hana.

Sasa msomaji na ajue taabu iliyopo. Mnana wa Fox dume ni wa manjano, na uso wake ni mweusi. Lakini mashariki yote ya Uganda imejaa minana wa manjano wenye nyuso nyeusi. Wako mitini, wako katika mashamba ya mpunga, wako hata katika miti ya nyua za shule. Tofauti baina yao imo katika rangi ya jicho, madoa ya mgongo, na umbo la mdomo. Mambo ambayo mtu aliyeketi ndani ya mtumbwi unaotikisika, jua likimpiga machoni, huyaona kwa shida.

Tuseme basi mgeni amefika. Amebakiwa na siku moja tu kabla ya safari ya kurudi kwao. Amemwambia mwongozaji wake, tena kwa furaha na nia njema: "Ukinionyesha mnana wa Fox nitakuongeza fedha mara mbili." Wamepiga makasia tangu alfajiri wala hawakumwona. Saa kumi ya jioni ndege wa manjano anaruka kutoka mti mmoja hadi mwingine, anaonekana kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha anapotea. Mgeni anageuka na kuuliza: "Ndiye?"

Mwongozaji yule ana watoto shuleni na karo haijalipwa. Jicho la ndege hakuliona. Na neno moja tu, neno fupi la "ndiye", litamfurahisha mgeni, litaimaliza siku vizuri, na litajaza mfuko. Neno la pili, "sikumwona vema, bwana", litaleta huzuni mtumbwini na mkono mtupu. Ni nani asiyeona kwamba mgeni huyo, kwa ahadi yake ile ya asubuhi, amekwisha kuununua uongo kabla haujasemwa?

Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika. Yako maovu yatokanayo na moyo mbaya, na yako maovu yatokanayo na mapatano mabaya. Mtu mwaminifu akiwekewa mapatano mabaya kila siku, siku moja atateleza. Kwa hiyo waongozaji wenye kuiheshimu kazi yao hutaka kulipwa kwa siku, siyo kwa ndege. Na wageni wenye busara hulipa ujira kamili hata kama ndege hakuonekana. Anayelipwa kwa siku anaweza kusema "sikumwona" bila ya kupoteza chakula cha wanawe. Heshima yake haiko rehani.

HASARA YA NENO MOJA

Huenda mtu akasema: ni ndege tu, uongo huo wamdhuru nani? Mgeni amerudi kwao na furaha yake, mwenyeji amepata fedha yake, na mnana mwenyewe hana habari.

Jibu ni kwamba neno lile haliishii mtumbwini. Mgeni huliandika katika daftari lake, na siku hizi hulituma kwa simu siku ile ile katika orodha zinazosomwa na wataalamu. Kutokana na orodha hizo hujulikana ndege yupi yupo wapi, anaongezeka au anapungua, na bwawa lipi lilindwe na lipi laweza kulimwa. Mnana wa Fox amehesabiwa miongoni mwa ndege wanaokaribia kuingia hatarini. Akiandikwa mahali asipokuwapo, itaonekana kwamba ana makao mengi na hana shida. Siku bwawa lake la kweli litakapokaushwa, hapatakuwa na wa kulia.

Ndiyo sababu katika elimu hii ripoti ya ndege adimu haipokewi hivi hivi. Kwa Afrika ya Mashariki imekuwapo kamati maalumu ya kupima ripoti za namna hiyo, na mwenye kuleta ripoti hutakiwa aeleze: alimwona saa ngapi, kwa umbali gani, mwanga ulikuwa upande upi, ni alama zipi alizoziona kwa macho yake, na ni nani mwingine aliyekuwapo. Askari polisi anayesoma haya ataona mara moja kwamba hayo ndiyo maswali ambayo yeye humwuliza shahidi anapoandika maelezo kituoni. Hali kadhalika ofisa wa jeshi atakumbuka somo la shule ya makadeti, kwamba ripoti ya doria ni lazima itenge kwa mstari ulio wazi kile nilichokiona na kile ninachodhani.

OFISA ALIYEGHUSHI NDEGE

Iko hadithi ya kweli ambayo yafaa kila askari aijue, kwa kuwa aliyetenda alikuwa askari, na mwanzo wake ulikuwa katika nchi jirani na mlima wetu.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini alitumikia katika jeshi la King's African Rifles ofisa Mwingereza aliyeitwa Richard Meinertzhagen, ambaye baadaye alifika cheo cha kanali. Tarehe 19 Oktoba 1905, katika nchi ya Wanandi huko Kenya, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alikwenda kukutana naye kwa mazungumzo ya kusimamisha vita. Koitalel hakurudi. Alipigwa risasi pale pale penye mkutano, na Wanandi, ambao lugha yao ina udugu na ile ya Wasabiny wetu wa Kapchorwa, mpaka leo wanaihesabu siku hiyo kuwa siku ya hiana. Mwaka uliofuata Meinertzhagen aliondolewa Afrika ya Mashariki. Alirudi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akawa mkuu wa upelelezi wa jeshi la Waingereza katika sehemu hizi, akipokea habari za wapelelezi wengi wenyeji.

Mtu huyo huyo alipata sifa kubwa duniani kwa elimu ya ndege. Mwaka 1954 alilikabidhi jumba la makumbusho la London ndege waliokaushwa wapatao 20,000, kila mmoja akiwa na kikaratasi chenye mahali na tarehe aliyopatikana. Alikufa mwaka 1967 akiwa na heshima zake. Lakini katika miaka ya 1990 wataalamu, akiwamo Alan Knox, na kisha Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones, walianza kuwachunguza ndege wale mmoja mmoja. Waligundua kwamba wengi waliibwa kutoka katika mikusanyo ya watu wengine, vikaratasi vyao vikabadilishwa, na mahali na tarehe zikabuniwa.

Matokeo yake hayakuwa aibu ya mtu mmoja tu. Alikuwako bundi mdogo wa misitu ya India ambaye mara ya mwisho kupatikana kwa hakika ilikuwa mwaka 1884. Meinertzhagen alidai kwamba alimpata mmoja mwaka 1914 katika Gujarat. Uchunguzi ulionyesha kwamba bundi yule aliibwa. Aliyempata hasa alikuwa James Davidson, katika karne ya kumi na tisa, tena mahali pengine kabisa. Wataalamu walipoitupa ripoti ya uongo na kuzifuata zile za kweli, walimwona bundi yule akiwa hai mwezi Novemba 1997, baada ya miaka 113. Kwa muda mrefu ripoti moja ya kughushi iliwapeleka watafutaji mahali pasipo na kitu.

Na hasara kubwa zaidi ni hii: miongoni mwa ndege wale 20,000 wako wengi ambao ni wa kweli. Lakini sasa ni nani atakayewaamini? Mtu akiisha kusema uongo mara kumi, ukweli wake wa mara mia nao huingia katika shaka. Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu, ilichukua maisha yake yote na miaka mingine baada ya kufa kwake. Lakini mwisho wake ulikuwa ule ule.

Kisa kingine kilitokea kwao Uingereza, karibu na mji wa Hastings. Baina ya mwaka 1892 na mwaka 1930 zilitoka huko ripoti nyingi za ajabu za ndege adimu waliopigwa risasi katika eneo dogo. Siku hizo matajiri wenye kukusanya ndege walilipa bei kubwa kwa ndege adimu aliyeuawa katika ardhi ya Uingereza, ilhali ndege wa aina ile ile akitoka ng'ambo hakuwa na bei. Basi ndege wakawa wanapatikana! Mwaka 1962 wataalamu walionyesha, pamoja na ushahidi wa hesabu, kwamba haikuwezekana mahali pamoja patoe maajabu mengi kiasi kile, na ripoti hizo zikafutwa. Hapo napo palipolipiwa ndege, ndege alitengenezwa.

MLEMBE NA UJIRA WAKE

Tusidhani kwamba somo hili laweza kupatikana ng'ambo tu. Afrika inalo la kwake, tena mwalimu wake ni ndege mwenyewe. Mlembe ni ndege mdogo ambaye humwita mtu porini kwa kelele zake, akaruka mti kwa mti, mpaka akamfikisha penye nyuki. Mtu hufukiza moshi na kutoa asali. Mlembe hula nta na majana yanayobaki.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Kenya, Hussein Adan Isack, pamoja na mwenzake Reyer, walichapisha uchunguzi waliofanya kwa walina asali wa Kiborana wa kaskazini ya Kenya. Bila ya mlembe, kupata kundi la nyuki kuliwachukua wastani wa saa 8.9, wakiongozwa na mlembe, saa 3.2. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2016 ulihusu Wayao wa Niassa, Msumbiji. Huko ilionekana kwamba mlina asali akitumia ule mwito maalumu aliorithi kwa baba yake, nafasi yake ya kuonyeshwa nyuki hupanda kutoka asilimia 17 hivi hadi asilimia 54. Mwongozaji na mwongozwa wana lugha yao, na kila mmoja hulijua neno la mwenzake.

Katika makabila mengi wazee husema: ukimnyima mlembe nta yake, safari ijayo atakupeleka kwa simba au kwa nyoka. Sina haja ya kubishana kama ndege aweza kulipiza kisasi. Wazee hawakuwa wakimsema ndege peke yake. Walikuwa wakimwambia kijana kwamba anayekuongoza mahali usipopajua ameshika roho yako mkononi, na kumdhulumu mtu wa namna hiyo ni upumbavu kabla ya kuwa dhambi.

Lakini msomaji mwepesi atauliza: mbona mlembe hulipwa kwa asali iliyopatikana, wala halipwi kwa siku? Swali ni zuri, na katika jibu lake mna kiini cha jambo lote. Asali huonjwa. Mlina asali akifika mtini hujua mwenyewe, kwa ulimi wake, kama ameonyeshwa kweli au ametembezwa bure. Hapo malipo ya matokeo hayana hatari. Lakini neno la "ndiye" halionjwi. Mgeni wa Bisina hana ulimi wa kulionja. Angekuwa nao asingehitaji mwongozaji. Basi kanuni ni hii: palipo na kitu ambacho mlipaji anaweza kukipima mwenyewe, na alipie kitu. Palipo na neno tu ambalo hana njia ya kulipima, na alipie kazi na muda, ili neno libaki huru.

WAJIBU WA PANDE ZOTE

Mwongozaji mwema humweleza mgeni asubuhi, kabla hawajatoka, matumaini yalivyo: ndege huyu huonekana msimu huu au haonekani, ameonekana wiki hii au hakuonekana. Akikosea jina la ndege hujisahihisha mbele ya mgeni, wala haoni haya. Hamkaribii ndege aliye kiotani. Hachezi mfululizo sauti ya ndege iliyonaswa katika simu ili kumtoa ndege kichakani, kwa sababu ndege aitwaye hivyo hudhani adui ameingia katika eneo lake. Huacha kulisha makinda na kumaliza nguvu zake akipigana na kivuli. Mgeni akiongeza fedha ili afanyiwe hivyo, mwongozaji mwema hukataa kwa adabu. Katika bwawa la Mabamba, karibu na Entebbe, watu humfuata korongo domo-kiatu, ambaye Waganda humwita bulwe. Mtumbwi ukisogea hatua kumi zaidi mgeni hupata picha nzuri. Lakini ndege huruka, na mtumbwi unaofuata haumwoni tena. Aliyeuza hatua zile kumi ameuza mali ya wenzake.

Mgeni naye ana deni. Na apatane bei kabla ya safari, asivute vute baadaye. Asimtumie mwenyeji siku moja, akajifunza mahali pa siri, kisha akapaingia kesho yake peke yake kwa kukwepa ujira. Asijisifu katika daftari lake kwamba "nimegundua", ilhali aligunduliwa na kuonyeshwa. Zaidi ya yote, akiambiwa "sikumwona vema", na ashukuru. Ameuziwa bidhaa adimu kuliko mnana: neno la mtu ambaye angeweza kusema uongo na hakusema.

Wako pia wageni wabaya, na hili ni la polisi. Mtu aweza kuvaa darubini na kujiita mtazama ndege, kumbe ni mnunuzi wa mayai na makinda. Biashara ya kasuku wa kijivu baina ya mataifa ilipigwa marufuku katika mkutano wa CITES wa mwaka 2016. Korongo wetu wa taji, aliyemo katika bendera ya taifa, tangu mwaka 2012 amehesabiwa kuwa ndege aliye hatarini. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019, adhabu ya makosa juu ya viumbe walio hatarini yaweza kufika kifungo cha maisha. Mwongozaji anayeulizwa maswali mengi mno juu ya viota, na machache mno juu ya ndege, anapaswa kutia shaka na kutoa habari mapema. Atafanya hivyo iwapo tu amezoea kupokewa vizuri kituoni.

DARUBINI PENYE KIZUIZI

Hapa twafika kwetu sisi tuvaao sare. Mtu mwenye darubini karibu na kambi, daraja au bwawa la umeme lazima aulizwe. Hiyo ni kazi yetu wala hatuombi radhi kwa kuifanya. Lakini yako maulizo ya aina mbili. Iko ile ya kumpokonya mtu vyombo vyake na kumketisha juani mpaka atoe kitu kidogo. Na iko ile ya kumwuliza mwongozaji kwa utulivu: mgeni huyu ni nani, amelala wapi, mnakwenda wapi, mtarudi lini?

Mwongozaji anayeijua kazi yake atakuwa amekwisha kupita kwa mwenyekiti wa LC1 na kituo cha polisi kilicho karibu, akaeleza safari yake. Huyo ni mdhamini wa mgeni mbele ya serikali, na ni mdhamini wa serikali mbele ya mgeni. Anaijua njia, anazijua sura za watu wa pale, na akiona sura ngeni au nyayo zisizo za kawaida yeye huwa wa kwanza kuziona. Kumdhalilisha mtu wa namna hiyo penye kizuizi, mbele ya mgeni wake, ni kujipofusha jicho moja kwa kidole chako mwenyewe.

Na kazi yake si ya mchezo. Miaka ya amani haikutosha kuwafanya watu wamsahau adui. Maana tarehe 17 ya mwezi wa Oktoba, mwaka 2023, magaidi wa ADF waliwashambulia watalii wawili ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Waliuawa wote wawili, na pamoja nao aliuawa mwongozaji wao, raia wa Uganda. Aliyekubali ujira wa kuongoza wageni alikuwa amekubali, bila ya kuapa mbele ya bendera, kushiriki nao hatari ya njia. Tangu siku hiyo hapana askari mwenye haki ya kumdharau mtu wa kazi hiyo kwa kuwa hana bunduki.

SOMO KWETU

Nimeyaeleza ya ndege kwa urefu kwa sababu katika ndege jambo linaonekana wazi, bila ya woga na bila ya hasira. Sasa tuligeuze upande wetu. Jeshi huajiri wenyeji wa kuongoza doria. Polisi huwategemea watoa habari. Nasi pia tunalipa ili tuonyeshwe, nasi pia mara nyingi hatujui. Je, tunalipia nini?

Mtu akileta habari ya bunduki iliyofichwa, bunduki hiyo hushikwa kwa mkono, namba yake ikasomwa. Hiyo ni asali. Yaweza kuonjwa, ingawa hata hapo yafaa kuchunguza isije ikawa ilipandikizwa. Lakini mtu akileta jina la jirani yake na kusema "huyu ni adui", hilo ni neno tupu. Ofisa anayelipa kwa kila jina ataletewa majina, kama vile matajiri wa Hastings walivyoletewa ndege. Na ofisa anayekunja uso kila aambiwapo "afande, sikuona kitu" anaifundisha doria yake kuona vitu visivyokuwapo.

Nchi hii inajua hasara ya mambo hayo kwa gharama ya damu. Katika miaka ya utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, neno la mchongezi mmoja liliweza kumwondoa mtu nyumbani kwake usiku, asionekane tena. Wachongezi wengine walikuwa na chuki, wengine walikuwa na njaa tu. Lakini waliosikiliza bila ya kupima ndio waliowapa soko. Mnana aliyeitwa kwa jina lisilo lake haumii. Mwananchi aliyeitwa adui kwa jina lisilo lake hufa, na wanawe hukua wakiichukia sare.

Kwa hiyo kila kamanda na kila mkuu wa kituo na ajiulize maswali matatu. Je, mtu wangu anaweza kuniambia "sikuona" na bado akapata ujira wake? Je, ninayo njia ya kuonja habari hii kabla ya kuitumia, kwa shahidi wa pili au kwa macho yangu? Je, aliyeniambia ukweli nisioupenda mwezi uliopita nilimtendeaje? Akiweza kuyajibu maswali hayo bila ya kuinamisha macho, habari zake zitakuwa safi. Asipoweza, hata awe na watoa habari mia, atakuwa kama mgeni yule wa mtumbwini anayerudi kwao na jina la ndege ambaye hakumwona.

Uaminifu wa anayeongoza hujengwa na haki ya anayeongozwa. Anayetaka kusikia kweli na ailipe kweli katika sura zake zote mbili: inapokuwa "ndiyo" na inapokuwa "sikuona".